Mgongo wa Mama Mkwe

Nilimjua mama mkwe wangu kwa zaidi ya miaka ishirini, na ukiniuliza mgongo wake ulikuwaje, nitakuchorea hata leo. Bega la kushoto lilikuwa chini kidogo kuliko la kulia, kwa kubeba mtungi upande mmoja tangu ujana wake. Kitambaa cha kichwa alikifunga kwa nyuma, na ncha za fundo zilisimama kama masikio ya sungura. Alipokasirika masikio hayo yalitulia kimya, na alipotaka kucheka yalianza kutikisika kabla hujasikia sauti. Lakini uso? Uso wake niliuona mara moja tu, na hiyo nitaieleza mwisho, kwa sababu ndivyo yeye mwenyewe alivyopanga.

Sisi Wabukusu wa zama zile, mtu na mama wa mke wake hawatazamani. Hawashikani mikono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja anaingia kwenye mahindi. Wala si chuki. Ni heshima, iliyozidi mpaka ikawa mchezo wa kujificha. Wengine walikuwa wakitoa mbuzi na blanketi, wazee wakakaa, mambo yakalegezwa, na watu wakaanza kusalimiana kama binadamu. Mimi nilipeleka ujumbe kwamba niko tayari kutoa. Mama Mkwe akajibu, kupitia kwa mke wangu Nasimiyu, kwamba blanketi analo na mbuzi anao. Nadhani mchezo ulikuwa unamfurahisha.

Wakati huo nilikuwa karani wa mizigo katika stesheni ya Kitale, na kwake ni karibu na Bungoma, mwendo wa asubuhi moja kutoka stesheni ya Bungoma ukienda kwa miguu. Kila nilipopata nafasi tulikwenda kumwona, yaani wengine walikwenda kumwona, mimi nikaenda kumsikia. Niliwekewa kigoda uani, nikakaa nikiupa mlango wa jikoni mgongo. Yeye alikuwa ndani. Kati yetu palikuwa na kuku.

“Wewe kuku,” angesema, “hebu ambia hiyo mtu maziwa imeganda vizuri. Kama anataka, aseme.”

“Kuku,” nami ningejibu, “mwambie mama nashukuru. Nataka.”

Kuku aliendelea kudonoa. Bakuli la maziwa lililetwa na mtoto. Siku ambayo hapakuwa na kuku alitumia mbuzi, na mbuzi akikosekana alitumia chungu. Safari moja tulikosana kidogo juu ya jina la mtoto wangu wa pili, na mchungaji wa kanisa akapita kusalimia. Alifanywa mjumbe papo hapo. Maskini alishinda mchana mzima akitembea hatua chache kutoka uani mpaka jikoni na kurudi, akinieleza maneno ambayo nilikuwa nimeshayasikia kwa sauti kubwa, kisha akienda kumweleza mama majibu ambayo naye ameshayasikia. Jioni aliomba maji, akanywa, akaaga. Kwa muda mrefu hakupita tena njia ile.

Msidhani alikuwa mtu wa desturi tupu. Alikuwa mwizi wa desturi. Watoto wangu ndio waliomsaliti.

“Baba, kukhu anakuangaliaga kwa tundu,” waliniambia, yaani bibi yao. Ukuta wa jikoni ulikuwa na tundu, na lile tundu lilikuwa na jicho. Siku moja nikaenda na kofia mpya, nimeiinamisha kidogo kwa maringo. Sikukaa hata kidogo, nikasikia:

“Kuku, ambia hiyo mtu hiyo kofia inamfanya anakaa kama uyoga.”

“Kuku,” nikasema, “muulize mama amejuaje kama nina kofia.”

Halafu kikohozi. Kicheko chake kilianza hivyo siku zote, kama mtu aliyepaliwa na ugali, kisha kikapanda mpaka ukasikia sufuria zinaanguka. Alicheka harusini, alicheka sokoni, na msibani ilibidi akae karibu na mlango ili aweze kutoka. Nilimpenda sana kwa kicheko kile. Naweza kusema hivyo sasa, zamani ingekuwa aibu.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo hakulicheka. Ukilitaja, zile ncha za fundo zilitulia. Jambo lenyewe lilikuwa baridi.

Mume wake, ambaye mimi sikumkuta, alikuwa amekwenda Mlima Kenya miaka ya ishirini, akiwabebea mizigo Wazungu fulani waliotaka kufika juu. Aliporudi, akakaa na wenzake kwenye chungu cha pombe ya busaa, kila mtu na mrija wake, akawasimulia kwamba kule juu kuna jiwe jeupe kubwa kuliko shamba, na ukiligusa linachoma kwa baridi. Akasema jiwe hilo hulia kama mlango. Akasema ukichungulia katika nyufa zake, ndani ni bluu. Wazee walicheka mpaka mirija ikawatoka mdomoni. Jiwe la baridi linalochoma! Linalia! Tena ni jeupe nje, bluu ndani! Kuanzia siku hiyo akaitwa Mawe Baridi. Watoto walimwita hivyo, wakwe zake walimwita hivyo, na alipokufa waliokuja kumzika walikuwa bado wanamwita hivyo. Sisi tulikuwa na mlima wetu, Masaba, tunaouona kila kukicha, na Masaba una mapango na mvua ya mawe, lakini jua likitoka mawe yanaisha. Huo mlima mwingine ulikuwa nani?

Sasa basi, mwaka mmoja baada ya vita vya pili, Mama Mkwe alikuja Kitale kutusaidia, Nasimiyu akiwa amejifungua. Akapenda stesheni kupita kiasi. Kila treni ilipoingia, yeye alikuwa nyuma ya marobota ya mahindi, akiitazama na kuitolea makosa. Siku hiyo likashushwa kasha la samaki kutoka Kisumu, samaki wa duka la Wazungu, limejazwa barafu na vumbi la mbao. Kipande kikaanguka. Mimi nilikuwa kwenye mizani, nimempa mgongo kama kawaida, nikasikia ameinama kukiokota. Kisha nikasikia anavuta pumzi.

“Inachoma,” alisema.

Sikujua kisa chochote wakati huo. Nikaliambia gunia lililokuwa mbele yangu kwamba hiyo ni barafu, maji yaliyogandishwa kwa mashine Kisumu, mama asiogope.

“Gunia, ambia hiyo mtu mimi siogopi. Muulize, kama mashine inaweza, Mungu anashindwa?”

Jioni ile Nasimiyu alinieleza yote kuhusu Mawe Baridi. Na asubuhi, kabla sijamaliza uji, nikasikia sauti kutoka nyuma ya nyumba ikimwambia jogoo kwamba hiyo mtu ya reli, si ana pasi ya likizo ya kupanda treni bure? Basi ampeleke kwa ile mlima. Anataka kuona kwa macho yake kama baba ya watoto alikuwa mwongo.

Watu walidhani tumerukwa na akili, na sikuwalaumu. Tulingoja mpaka mtoto alipokua, tukamwachisha ziwa, tukamwacha na wenzake kwa dada yangu, tukapanda treni. Mama Mkwe na Nasimiyu walikaa behewa moja, mimi lingine, na kila stesheni nilimsikia dirishani akiuliza bei ya vitu ambavyo hakuwa na nia ya kununua. Tukashuka Naro Moru. Na pale, mbele yetu, mlima ulikuwa umesimama, na juu yake kulikuwa na weupe. Nyuma yangu nikasikia hatua zake zikisimama.

“Hiyo inaweza kuwa wingu,” alisema mwishowe, lakini sauti ilikuwa imepungua.

Tulimpata Muriuki, mtu mzima mwenye miguu myembamba, aliyekuwa amebeba mizigo juu ya mlima ule tangu ujana. Alitutazama kwa upole.

“Mzungu wenu yuko wapi?”

“Hatuna,” nikamwambia.

“Amebaki nyuma?”

“Hatuna kabisa.”

“Sasa hii mizigo ni ya nani?”

“Yetu.”

Akaketi chini kwanza. “Mnataka kupanda, hakuna mtu amewatuma?”

“Tunataka kuona barafu.”

“Muone, halafu?”

“Turudi nyumbani.”

Muriuki akaanza kucheka. Akacheka akipiga magoti yake. Kutoka nyuma ya mti sauti ikasema, “Ambia hiyo mtu ya mlima aache kucheka, jua linatembea.” Muriuki akageuka kuutafuta mti uliosema.

Mpango wa safari ulikuwa kazi kuliko safari yenyewe. Muriuki mbele, Mama Mkwe nyuma yake, kisha Nasimiyu, kisha kijana wa kubeba sufuria, mdogo wa Muriuki, kisha mimi. Yeye haruhusiwi kugeuka, mimi siruhusiwi kumkaribia. Alivaa koti langu kuukuu la reli, na miguuni raba alizozifunga magunia. Tulipopumzika yeye alitazama juu mlimani, mimi nikatazama chini nilikotoka, Nasimiyu akakaa katikati kama ukuta. Ndiyo maana nikasema ule mgongo naujua. Niliufuata katika msitu, niliufuata katika mianzi, na nikaufuata katika yale matope ya juu ambapo kila hatua mguu unamezwa mpaka goti. Humo alizama. Nasimiyu na Muriuki walimvuta, na mimi, kwa heshima, nikageuka.

“Matope, ambia hiyo mtu asicheke.”

“Matope, mwambie mama sicheki.”

“Matope, ambia yeye naona mabega yake inatingishika!”

“Lakini mama,” Muriuki akasema, amechoka, “si amesikia? Karani yuko hapa tu, bana! Mwambie mwenyewe!”

“Shh,” Nasimiyu akamwambia. “Hawajaonana.”

Muriuki akanitazama mimi, akamtazama yeye, akatikisa kichwa. Lakini kesho yake alikuwa ameshauzoea mchezo, na nikamsikia akiliambia jiwe limjulishe mama kwamba chai iko tayari.

Juu ya matope, miti iliisha. Ukaanza ulimwengu wa mimea ya ajabu, majani mapana kama kabichi yameota juu ya vigogo virefu kuliko mtu. Mama Mkwe alisimama akavitazama. “Hapa Mungu alikuwa anajaribu kabichi,” alisema, “kabla hajaiteremsha Kitale.” Pimbi wakatoka kwenye mawe kutuangalia. Hewa ilikuwa nyepesi, vichwa vyetu vikawa vyepesi, na kila kitu kikawa cha kuchekesha. Nilimcheka pimbi. Nilicheka kiatu changu. Ni Nasimiyu peke yake ambaye hakucheka. Kichwa kilimuuma kama kinapasuliwa, Muriuki akasema asipande zaidi. Tukamlaza chini ya mwamba uliojikunja kama pango, mdogo wake Muriuki akabaki kumpikia uji.

Hivyo ukuta wetu ukabaki chini. Tukaendelea watatu, kwa mawe yanayoteleza, jua likiwa limechomoza, na mara Muriuki akasimama.

“Ndiyo hiyo,” akasema.

Ilikuwa kubwa kuliko shamba. Ilitoka juu kati ya miamba ikateremka mpaka miguuni petu, nyeupe mpaka macho yanatoa machozi. Mimi niligeuka haraka nikamwachia mama nafasi, kwa hiyo mengi ya yaliyofuata niliyapata kwa masikio. Nilisikia akivua kitambaa alichozungushia mkono. Kisha nikasikia kiganja kikitua juu ya barafu.

“Inachoma,” akasema, polepole.

Akangoja. Nafikiri alikuwa ameweka sikio. Tulingoja sote, hata Muriuki aliyekuwa ameona barafu ile mara nyingi akazuia pumzi. Na huko ndani, mbali, ikalia. Krrr, kama mlango wa ghala ambao haujapakwa mafuta.

“Imelia,” akasema. Akatembea hatua chache mpaka kwenye ufa. “Na hapa ndani... Muriuki, wewe una macho. Hii rangi ni gani?”

“Ni bluu, mama.”

Ndipo nikamsikia akilia. Mwanamke aliyecheka misibani, nikamsikia akilia. “Baba Nasimiyu,” akasema, “nilikucheka. Wote walikucheka, lakini mimi ndiye nilicheka kuliko wote.” Nilitamani sana kugeuka, na sikugeuka.

Baadaye akapenga kamasi, akasema anataka kupanda kidogo, akanyage pale mzee alipokanyaga. Muriuki akamshika mkono wakapanda mteremko mdogo. Mimi nikabaki chini, nimeipa barafu mgongo, nikitazama nchi yote iliyokuwa imelala chini yangu. Mara nikasikia Muriuki anapiga kelele. Kisha nikasikia sauti ya koti la reli likisuguliwa na barafu, tena kwa kasi.

“Toka! Toka njiani!”

Lilikuwa neno la kwanza aliloniambia bila kuku. Nikaanza kugeuka.

“Lakini usigeuke!”

Sasa mtu afanye nini? Sikutoka, kwa sababu chini yangu kulikuwa na mawe makali ambayo yangemkata. Sikugeuka, kwa sababu nimekatazwa. Nilitanua miguu, nikakaza mgongo, nikafumba macho. Akanigonga. Tukaanguka wote wawili tukaserereka, yeye kinyumenyume, mimi mbele, mpaka theluji laini ikatusimamisha ukingoni kabisa mwa mawe. Nilipofumbua macho nilikuwa nimekaa, yeye amekaa, mgongo wangu umeegemea mgongo wake. Hatujatazamana. Desturi ilikuwa nzima, haina hata mchubuko.

Nikasikia kikohozi. Nilikisikia kwenye mbavu zangu. Kikapanda, na mimi nikaanza, tukacheka tukitikisana mgongo kwa mgongo, mpaka Muriuki akafika mbio akidhani tumekufa. Akatukuta tunalia kwa kucheka, kila mmoja akitazama upande wake. Akakaa juu ya jiwe akashika kichwa.

“Wewe,” Mama Mkwe akasema, alipopata pumzi.

“Naam, mama.”

“Mgongo wako una joto.”

“Na wako, mama.”

Tukakaa. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuondoka. “Siku anakufa,” akasema, sasa kwa sauti ndogo, “aliniambia, ‘Hata wewe hukuniamini.’ Nikamwambia lala, mzee. Hivyo tu. Lala.” Barafu ikalia tena huko juu. “Nitawaambia,” akasema. “Nikifika Bungoma nitawaambia wote.”

Kurudi pangoni kwa Nasimiyu, Muriuki akatuzungusha njia nyingine, ile inayopita kwenye vijiziwa vya kijani katikati ya miamba. Sijawahi kutembea mahali pazuri hivyo. Mama Mkwe aliimba njia nzima, nyimbo za harusi, akiwa ndani ya koti langu lililolowa. Kwenye ziwa moja Muriuki akatuita tuone mlima ulivyosimama ndani ya maji, na sisi sote wawili tukasogea, kisha tukakumbuka kwa pamoja kwamba maji yanaonyesha nyuso. Tulikimbia, mmoja kulia, mmoja kushoto. Muriuki akaliuliza ziwa watu hawa wametoka wapi.

Na kweli aliwaambia. Mwanamke hakuwa na nafasi kwenye chungu cha busaa cha wanaume, lakini aliingia, na koti la reli, akasimama mbele ya wale wale wazee. Linachoma, linalia, ndani ni bluu. Wakamuuliza shahidi ni nani.

“Mkwe wangu. Amesimama nje, nyuma ya ukuta.”

“Karani!” wakaita. “Ni kweli?”

“Ni kweli!” nikapiga kelele kwa ukuta. “Nimekaa juu yake! Suruali ililowa!”

Wakacheka, lakini kicheko kilikuwa kingine. Yule mzee aliyekuwa wa kwanza kutunga jina la Mawe Baridi alitoa mrija wake mdomoni, akasimama kwa taabu, akamwaga busaa kidogo chini mlangoni. Akamtaja marehemu kwa jina lake halisi, nami nikalisikia jina la baba mkwe wangu hadharani kwa mara ya kwanza. Nyuma ya ukuta nilivua kofia yangu ya uyoga.

Miaka ikapita. Hali ya Hatari ikaja, mlima ule ukafungwa, na Muriuki hatukusikia habari zake tena. Mama Mkwe akazeeka. Macho yakaingiwa na ukungu, kwanza moja, kisha yote mawili, mpaka tundu la jikoni likawa halina kazi. Mwisho mwisho akaniita, mimi peke yangu, bila Nasimiyu.

Nikaingia chumbani kwake kinyumenyume kama nilivyozoea, nikaketi nikitazama mlango. Alikuwa juu ya kitanda, amejifunika lile koti.

“Wewe.”

“Naam, mama.”

“Mimi sioni tena. Desturi imebaki nusu, na hiyo nusu ni yako. Geuka.”

Sikuweza. Miaka yote ile shingo yangu ilikuwa imejifunza njia moja.

“Geuka, bana. Nitakwenda kwa mzee karibuni. Ataniuliza, yule kijana alikupeleka kwa barafu yangu, sura yake iko namna gani? Mimi nitamwambia nini? Kwamba najua mgongo?”

“Lakini mama alikuwa ananiona kwa tundu.”

“Tundu lilikuwa linaonyesha kofia tu!”

Nikageuka. Nilikuwa nimemwazia uso mkali siku zote, na nikakuta uso mdogo wa mviringo, mashavu yana vishimo, meno ya chini yametolewa kama ya watu wa zamani, na ulikuwa tayari unacheka. Akanyoosha mikono hewani akinitafuta. Nikasogeza kigoda, nikainama, nikamwachia uso wangu. Vidole vyake vilikuwa baridi kabisa. Vikapita kwenye paji, kwenye nyusi, vikateremka taratibu, vikasimama.

“Ee!” akasema. “Pua yote hii? Na mtoto wangu alikubali?”

Kikohozi kikaanza. Nilikiona kwa mara ya kwanza kikianzia machoni, yale macho yasiyoona, kisha kikashuka kwenye vishimo vya mashavu, na mimi nikawa nacheka na kulia ndani ya viganja vyake. Alipomaliza akanifuta machozi kwa kidole gumba, akanisukuma kidogo.

“Kuku,” akasema, na humo chumbani hapakuwa na kuku, “ambia hiyo mtu aende sasa, treni itamwacha. Na ambia yeye nimemshika vizuri. Nitamweleza mzee yote, mpaka pua.”